Maswali na Majibu: Riziki ya Mshambuliaji wa Madaraja ya Chini

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza, kila moja kwa namna yake, jambo lilelile: mshambuliaji ambaye hakuwahi kufika ligi kuu anapataje riziki kwa miaka kumi na mitano au ishirini, na je, maisha hayo yanastahili kuitwa kazi? Nimechagua barua tano. Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa Uingereza, kwa kuwa madaraja ya chini ya huko yana historia ndefu na kumbukumbu zake ziko wazi, lakini majibu mawili ya mwisho yanahusu viwanja vya kwetu.

Swali: Mhariri, mwanangu hucheza mchezo wa kompyuta wa FIFA na humsifu sana mchezaji mmoja mwenye mwili mkubwa aitwaye Adebayo Akinfenwa. Nilipotafuta habari zake nilikuta kwamba hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza. Inakuwaje mtu ajulikane dunia nzima ilhali maisha yake yote ya soka yamepita chini? Je, hakuwa na uwezo, au alikosa bahati? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kumtaja Akinfenwa, kwa sababu maisha yake yanaonyesha karibu kila jambo linaloweza kumpata mshambuliaji wa madaraja hayo, zuri na baya.

Alizaliwa Islington, London, mwezi Mei 1982, katika familia yenye asili ya Nigeria. Alipitia timu ya vijana ya Watford, lakini soka la wakubwa hakulianzia Uingereza. Alilianzia Lithuania, katika klabu ya Atlantas ya mji wa bandari wa Klaipėda, akiwa hajatimiza miaka ishirini. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyotukanwa huko kwa sababu ya rangi yake, hata na watu waliokuja uwanjani kuishangilia timu yake mwenyewe. Alifikiria kurudi nyumbani, lakini akabaki, na mwaka 2001 alifunga bao lililoipa Atlantas Kombe la Lithuania.

Aliporudi alijiunga na Barry Town ya Wales, ambayo mwaka 2003 ilitwaa ligi na kombe la nchi hiyo, kisha ikaishiwa fedha na wachezaji wakatawanyika. Msimu uliofuata, wa 2003/04, ndio ninaotaka uutazame kwa makini. Ndani ya msimu huo mmoja alivaa jezi za klabu nne: Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Mara nne katika msimu mmoja mchezaji wa namna hiyo huingia chumba cha kubadilishia nguo ambamo hajulikani, hutafuta mahali pa kulala, hujifunza jinsi winga mpya anavyopiga krosi, na hufanya yote hayo kwa mkataba mfupi ambao kocha anaweza kuuacha ufe bila hata kumpa maelezo. Wengi huacha soka katika kipindi kama hicho, na siwalaumu.

Torquay United ndiyo iliyompa msimu mzima wa utulivu, 2004/05, na mabao aliyoyafunga huko yakamfikisha Swansea City, ambayo wakati huo ilikuwa daraja la tatu. Agosti 2005 alifunga bao la kwanza la mashindano katika uwanja mpya wa klabu hiyo. Aprili 2006 alifunga bao la ushindi katika fainali ya kombe la klabu za madaraja ya chini, Swansea ilipoifunga Carlisle United 2–1 mjini Cardiff. Wiki chache baadaye, katika uwanja uleule, Swansea ilicheza fainali ya mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Barnsley, mechi ikaisha 2–2, na katika mikwaju ya penalti Akinfenwa akapaisha mpira juu ya mwamba. Barnsley ikapanda. Mwaka uliofuata alivunjika mguu, na mkataba wake ulipokwisha akajikuta hana klabu. Alipita Millwall bila kufunga bao, kisha Northampton Town wakamchukua mwanzoni mwa 2008, naye akajijenga upya huko, akafunga mabao kwa wingi, akaenda Gillingham, akarudi Northampton, akaenda tena Gillingham. Mwaka 2014 alihamia AFC Wimbledon, na Januari 2015, katika Kombe la FA, aliifunga Liverpool, klabu aliyoipenda tangu utotoni, bao la kusawazisha kabla Steven Gerrard hajafunga la pili na kuumaliza mchezo 2–1.

Sasa nijibu swali lako la uwezo na bahati. Mwili wake ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, na kwa sababu hiyo watengenezaji wa mchezo anaoucheza mwanao walimpa kwa miaka kadhaa alama za juu kabisa za nguvu. Watu wengi waliishia hapo, wakimwona kama kioja. Ukitazama mechi zake bila haraka utaona kitu kingine. Mpira mrefu unapigwa kutoka nyuma. Akinfenwa amelipa goli mgongo, beki wa kati yuko nyuma yake akimsukuma. Anaupima mwendo wa mpira mapema kuliko beki, anatanua mikono bila kumshika mtu, anaupokea kifuani, unashuka mguuni, naye hageuki wala hakimbii. Anangoja. Nukta hiyo moja ya kungoja inampa winga nafasi ya kufika, anapewa pasi fupi, na timu nzima iliyokuwa imebanwa kwenye eneo lake inapumua na kusogea mbele. Kazi hiyo, ya kukaa na mpira wakati wenzako wamechoka, ni adimu na ngumu kuliko inavyoonekana, na makocha wa madaraja ya chini, ambao mara nyingi hucheza kwenye viwanja vizito vya Januari na hawana fedha za kununua viungo wa kupenya katikati, huithamini kuliko mbio.

Mbio hakuwa nazo. Katika Ligi Kuu, ambako mshambuliaji hutakiwa kuwakimbiza mabeki kwa dakika tisini na kukimbilia nafasi nyuma yao, naamini asingedumu. Kwa hiyo sioni kwamba alikosa bahati, wala sioni kwamba hakuwa na uwezo. Alikuwa na uwezo mkubwa wa jambo moja, akalijua mapema, akatafuta mahali ambapo jambo hilo linalipwa.

Ushahidi ni miaka yake ya mwisho. Mei 2016 Wimbledon walicheza fainali ya mchujo Wembley dhidi ya Plymouth Argyle. Akinfenwa aliingia kutoka benchi, na katika dakika ya 11 ya muda wa nyongeza alifunga penalti iliyofanya matokeo yawe 2–0 na kuihakikishia klabu yake kupanda. Alikuwa na miaka 34 na tayari alijua kwamba haongezewi mkataba. Akihojiwa na televisheni akiwa bado na jezi, alisema kwamba kwa sasa hana kazi, na akawaomba makocha wanaomhitaji wamtafute kwa WhatsApp. Watazamaji walicheka. Gareth Ainsworth, kocha wa Wycombe Wanderers, alimtafuta, na mshambuliaji huyo akacheza huko miaka sita. Wycombe walipanda kutoka daraja la nne mwaka 2018, na Julai 2020, katika Wembley isiyo na mashabiki kwa sababu ya janga la korona, waliifunga Oxford United 2–1 na kufika daraja la pili kwa mara ya kwanza katika historia yao. Akinfenwa aliingia Championship akiwa na miaka 38. Alistaafu Mei 2022, akiwa ametimiza miaka 40, baada ya fainali nyingine ya mchujo ambayo Wycombe walifungwa na Sunderland 2–0. Nyuma yake aliacha zaidi ya mabao 200 katika mashindano yote. Mwambie mwanao kwamba huyo hakupewa umaarufu na kompyuta.

Swali: Wachambuzi wetu husema kwamba mfumo wa Uingereza uko wazi, kwamba mshambuliaji yeyote wa chini akifunga mabao anaweza kupanda hadi juu kama Jamie Vardy. Je, ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Ni kweli kwa timu, na ni kweli kwa kiasi kidogo sana kwa mtu mmoja mmoja. Madaraja manne ya juu yana klabu 92: 20 za Ligi Kuu, na 24 katika kila moja ya Championship, League One na League Two. Chini yake kuna National League, na chini ya hiyo madaraja mengine mengi ya kikanda. Katika League One, klabu mbili za kwanza hupanda moja kwa moja, na zinazoshika nafasi ya tatu hadi ya sita hucheza mchujo. Katika League Two hupanda tatu, na mchujo huwa wa nafasi ya nne hadi ya saba. Kwa hiyo mlango wa klabu hufunguliwa kila mwaka.

Mlango wa mchezaji ni mwembamba. Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa kijana wa miaka 16, akacheza Stocksbridge Park Steels na Halifax Town katika ligi zisizo za kulipwa kikamilifu, akaenda Fleetwood Town, kisha Leicester City wakamnunua mwaka 2012, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza. Rickie Lambert aliachwa na Liverpool akiwa kijana, wakati fulani akafanya kazi katika kiwanda cha kusindika bitiruti ili ajikimu, akapita Macclesfield Town, Stockport County, Rochdale na Bristol Rovers, akafika Southampton ikiwa daraja la tatu mwaka 2009, akapanda nayo hadi Ligi Kuu, na Agosti 2013, akiwa na miaka 31, akaifungia Uingereza dhidi ya Scotland kwa mguso wake wa kwanza wa mpira. Habari hizi husimuliwa sana kwa sababu ni chache. Katika klabu 72 zilizo chini ya Ligi Kuu kuna mamia ya washambuliaji, na walio wengi humaliza kazi yao katika daraja lilelile walimoanzia au moja chini yake. Ningependa wachambuzi wetu waache kuwapima watu hao kwa kipimo cha Vardy. Mtu aliyefunga mabao kumi na mawili kwa mwaka katika League Two, katika msimu wa mechi 46 za ligi bila kuhesabu makombe, huku akicheza Jumamosi na Jumanne kwa wiki nyingi mfululizo, amefanya kazi yake vizuri, na klabu yake inajua.

Swali: Je, kuna Mtanzania au Mkenya yeyote aliyewahi kuishi maisha hayo, au sisi tunamjua Samatta peke yake? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Wapo, na mmoja wao alizaliwa huko huko kwenu. Adi Yussuf alizaliwa Zanzibar, akakulia Uingereza na kupitia timu ya vijana ya Leicester City. Hakuipata nafasi katika kikosi cha wakubwa, akaanza safari ya madaraja ya chini: Burton Albion, Lincoln City, Mansfield Town katika League Two, na nyingine nyingi, nyingine kwa mkopo. Msimu wa 2018/19 aliucheza Solihull Moors, klabu ya National League ambayo mwaka huo ilimaliza nafasi ya pili nyuma ya Leyton Orient, na mwaka 2019 akaitwa Taifa Stars. Kiangazi hicho alinunuliwa na Blackpool ya League One. Kwa upande wa Kenya yuko Taiwo Atieno, aliyezaliwa London, akacheza Walsall, Luton Town na Torquay United miongoni mwa klabu nyingi, akavuka pia bahari kwenda kucheza Amerika, na akaichezea Harambee Stars.

Umesema mnamjua Samatta peke yake, na sababu naielewa: kufunga katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kama alivyofanya Mbwana Samatta akiwa na Aston Villa Machi 2020, ni jambo ambalo taifa zima lililitazama. Lakini orodha ya klabu za Yussuf inafundisha jambo ambalo bao la Samatta haliwezi kufundisha, yaani maana ya mkopo. Klabu inayokumiliki ina washambuliaji wanne na inawahitaji wawili. Wewe ni wa tatu. Kocha anakupeleka daraja la chini kwa miezi mitatu au hadi mwisho wa msimu, mshahara ukilipwa kwa mgawanyo kati ya klabu mbili, na huko unapokwenda kuna kijana wa pale ambaye nafasi yake umeichukua na mashabiki wanaompenda yeye. Ukifunga katika mechi tatu za kwanza, wote wanakukubali. Usipofunga, unarudi ulikotoka ukiwa na thamani ndogo kuliko uliyoondoka nayo. Beki wa mkopo anaweza kucheza vibaya mwezi mzima bila mtu kulitaja jina lake. Mshambuliaji huhesabiwa kila Jumamosi, na hesabu yake husomwa na kila mtu.

Ndiyo maana mwezi wa Mei huwa mgumu kwao. Mikataba mingi ya Uingereza huisha tarehe 30 Juni, na msimu unapomalizika klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Mchezaji mwenye miaka 31, mke na watoto wawili shuleni, husoma orodha hiyo kama kila mfanyakazi anavyosoma barua ya mwajiri wake. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha huko, kilichoanzishwa mwaka 1907, huwasaidia walioachwa kupata mafunzo ya ukocha na ya kazi nyingine nje ya soka, na kwa maoni yangu msaada huo una maana kubwa kwa mchezaji wa League Two kuliko kwa nyota wa Ligi Kuu.

Swali: Shikamoo, mwandishi. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 19 anayecheza nafasi ya mshambuliaji wa kati. Timu ya Championship ya hapa Tanzania inataka kumsajili kwa mwaka mmoja. Wamemsainisha karatasi lakini hawakumpa nakala. Wakati huohuo kuna mtu anayejiita wakala, anasema anaweza kumpeleka Uingereza kwenye majaribio ya klabu ya daraja la nne tukimlipa fedha za maandalizi, kwa kuwa huko chini ni rahisi kuingia kuliko Ligi Kuu. Baba yake anataka tuuze kiwanja. Naomba ushauri. (Mama Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, mama. Nitaanza na la kiwanja: tafadhali msikiuze.

Tangu Januari 2021, mchezaji anayetoka nje ya Uingereza na Ireland na asiye na haki ya kuishi na kufanya kazi huko anahitaji idhini ya chama cha soka ili asajiliwe, na idhini hiyo kwa kawaida hutolewa kwa mfumo wa alama. Alama hupatikana kwa kucheza mechi za timu ya taifa, na nafasi ya taifa hilo katika orodha ya FIFA huangaliwa. Kwa dakika alizocheza katika klabu yake. Na kwa ubora wa ligi na mashindano anayotoka. Kijana wa miaka 19 ambaye hajaichezea Taifa Stars, anayetoka daraja la pili la Tanzania, hana njia ya kuzifikisha alama hizo, hata akifunga mabao ishirini katika majaribio. Kwa mtu kama mwanao, League Two ya Uingereza ni ngumu kuingia kuliko ligi kuu za nchi nyingi. Adi Yussuf niliyemtaja juu alikulia huko, ndiyo maana njia hiyo ilikuwa wazi kwake. Mtu anayekuambia kwamba chini ni rahisi ama hajui kazi anayodai kuifanya, ama anajua na anakitaka kiwanja chenu. Tena, wakala halali huwa na leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kuhakikiwa. Malipo yake hutokana na sehemu ya kipato cha mchezaji baada ya mkataba kusainiwa, wala hayatokani na fedha ya wazazi kabla ya safari. Mwombeni namba ya leseni yake na muipeleke TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ihakikiwe. Kwa kawaida watu wa namna hii hupotea wakiombwa hivyo.

Kuhusu mkataba, mwanao ana haki ya nakala, na aidai wiki hii, kwa adabu na kwa maandishi, akiwa na mtu mzima. Akiipata, someni mambo yafuatayo kwa utulivu: mkataba unaanza na kuisha tarehe gani; mshahara ni kiasi gani na unalipwa siku gani ya mwezi; posho ya mechi inalipwa kwa kila anayekuwa kikosini au kwa wanaocheza tu; nani anagharamia matibabu akiumia mazoezini; na kuna kipengele gani ikiwa timu itapanda Ligi Kuu au itashuka. Kwa mshambuliaji ningeongeza bonasi ya mabao. Iandikwe kwa tarakimu, kwa kuwa ahadi ya mdomo ya kiongozi wa timu huwa tamu mwezi Agosti na husahaulika mwezi Februari.

Klabu isipolipa, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kwamba mchezaji ambaye hajalipwa kinyume cha sheria angalau mishahara miwili ya mwezi anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, mradi ameipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 zisizopungua ili ilipe deni lote. Watu wengi hukosea hapa: kijana akikosa mshahara huacha tu kwenda mazoezini, na klabu inapata sababu ya kusema kwamba yeye ndiye aliyevunja mkataba. Aendelee kuhudhuria mazoezi, aandike barua, aitunze nakala iliyopokelewa, na shauri likifika mbali lipelekwe kwenye kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Chama cha wachezaji, Sputanza, nacho kipo kwa ajili ya mambo kama haya. Bila nakala ya mkataba, hakuna hata moja kati ya hayo litakaloanza.

Mwisho, mkataba wa mwaka mmoja usiwatie hofu. Kwa mshambuliaji kijana katika Championship yetu, msimu mmoja wa kucheza kila wiki una faida kuliko misimu mitatu ya kukaa benchi katika timu kubwa ya Dar es Salaam. Kocha wa Ligi Kuu anapotafuta mshambuliaji huuliza kwanza kama kijana amekuwa akicheza, na baada ya hapo huuliza mabao.

Swali: Nina miaka 29, ni mshambuliaji katika timu ya National Super League ya Kenya. Nimechezea klabu tatu, sijawahi kucheza Ligi Kuu. Msimu uliopita nilifunga mabao machache na sasa naingizwa dakika za mwisho. Posho huchelewa, hivyo asubuhi huendesha bodaboda. Wenzangu wananiambia niache soka niwe na akili. Je, wanasema kweli? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Ndugu yangu, siwezi kukuambia uache wala uendelee, kwa sababu sijakuona ukicheza, lakini naweza kukuambia unachopaswa kukihesabu.

Kwanza, usihesabu mabao peke yake. Tafuta dakika ulizocheza msimu uliopita na uzigawe kwa mabao uliyofunga. Mshambuliaji aliyefunga mabao manne katika dakika 500 hayuko katika hali ileile na aliyefunga manne katika dakika 2,000, ingawa gazeti litawaandika sawa. Kama wewe ni wa kundi la kwanza, kocha anakuona kama mtu wa kubadilisha mchezo dakika za mwisho, na hiyo ni kazi kamili yenye thamani; Akinfenwa aliifanya kwa miaka yake ya mwisho huko Wycombe, akiingia wakati mabeki wamechoka. Zungumza na kocha wako waziwazi, umuulize anataka ufanye nini katika dakika hizo: uushikilie mpira mbele ili timu ipumue, au ukae ndani ya boksi kungoja krosi? Wachezaji wengi wa umri wako hawajawahi kuuliza swali hilo, nao hukimbia ovyo kwa robo saa wakitaka kuonyesha bidii.

Pili, tazama mwili wako kwa uaminifu. Bodaboda ya asubuhi na mazoezi ya mchana vinakula mgongo na nyonga zilezile. Siwezi kukuambia uiache pikipiki inayolisha nyumba, lakini siku mbili kabla ya mechi punguza safari ndefu kama hesabu ya nyumbani inaruhusu, na usiruke kunyoosha misuli kwa sababu ya uchovu. Umri wa miaka 29 si uzee kwa mshambuliaji anayecheza kwa akili na mwili badala ya mbio. Ni uzee kwa mshambuliaji aliyeishi kwa mbio peke yake, na kama wewe ni huyo, mwaka huu jifunze kucheza ukiwa umelipa goli mgongo, kwa kuwa kasi hairudi.

Tatu, kuhusu posho, wasiliana na KEFWA, chama kinachotetea maslahi ya wachezaji wa Kenya, hata kama deni ni dogo. Nenda na mkataba wako na orodha ya mechi ulizocheza na ambazo hukulipwa. Madai ya wachezaji sita wa timu moja yakiwasilishwa pamoja hupata uzito ambao dai la mmoja haliupati.

Wenzako wanaokuambia uwe na akili wana jambo moja la kweli: unahitaji kazi ya pili ambayo haitegemei magoti yako. Lakini si lazima uache soka ili uipate. Kozi ya ukocha ya leseni ya CAF ya daraja la D hutolewa na shirikisho la soka la Kenya, FKF, na inaweza kufanywa na mtu ambaye bado anacheza. Fuatilia tarehe ya kozi ijayo katika tawi lako la FKF, na wakati unangoja, mwombe kocha wako akuruhusu uwachukue washambuliaji wa timu ya vijana siku mbili kwa wiki baada ya mazoezi yenu. Anza kwa kuwafundisha kupokea mpira beki akiwa mgongoni. Utaona upesi kama unaipenda kazi hiyo, na kocha naye ataona, kabla mkataba wako haujafika mwisho.